Kioo Juu ya Kioo: Miezi Mitatu ya Kujaribu Sura Mpya ya Simu, Ngamiani

Apple ilipoonyesha iOS 26, mfumo mpya wa simu za iPhone, tarehe 9 Juni 2025, huku Tanga ilikuwa saa mbili usiku. Toleo la kwanza la majaribio, ambalo sote tunaliita beta, lilifunguliwa usiku uleule, na kulipokucha simu za kwanza zilikuwa mezani kwetu mafundi wa Ngamiani zikishusha faili. Namba iliruka kutoka 18 hadi 26 kwa kuwa matoleo sasa yanaitwa kwa mwaka unaokuja, lakini namba haikumshughulisha mtu. Kilichoshughulisha ni sura. Vitufe, menyu, arifa, hata saa ya skrini ya kufungia, vyote vilikuwa vimegeuzwa vipande vya kioo angavu, na picha iliyo nyuma ikipenya na kupinda ukingoni, mithili ya kijiko ndani ya glasi ya maji. Wenyewe waliuita mwonekano huo Liquid Glass.

Malalamiko hayakuchelewa. Maandishi hayasomeki. Simu inachemka. Betri haifiki alasiri. Kitufe kimehama. Yote manne yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa ya jamii moja, na kuyatia kapu moja ndiko kulikotupotezea wiki tatu za mwanzo. Haya tunayaandika kwa fundi au mtumiaji atakayetaka kuingia katika beta nyingine, akiwa na bando la kununua, umeme wa kukatika na jua hili letu la pwani.

Simu ya nani?

Kanuni ya kwanza kila mtu anaijua na kila mtu anaivunja: beta haiwekwi kwenye simu ya riziki. Simu yenye laini ya uwakala, yenye namba wanayopigia wateja wa samaki, yenye programu ya benki, iache ilivyo. Tumia ya pili. Huna ya pili? Basi subiri beta ya umma, inayotoka baada ya zile za mwanzo za wasanidi programu kupunguzwa makali. Mwaka 2025 ilitoka tarehe 24 Julai, wiki sita na siku tatu baada ya ile ya kwanza. Malipo hayapo kwa yoyote kati ya hizo mbili. Tangu 2023 hata beta za wasanidi hufunguliwa kwa akaunti ya kawaida.

Pili, umri wa simu. iOS 26 inaanzia iPhone 11. XR, XS na XS Max, ambazo bado zimejaa mifukoni mwa watu mjini hapa, ziliishia iOS 18. Anayekuambia ana njia ya kuipandisha XR anakuuzia programu ya kubadilisha aikoni, au anataka nywila yako.

Tatu, na hapa tunaomba msomaji atulie. Simu nyingi za huku ni za mkono wa pili. Jina linaloonekana juu kabisa ukifungua Settings ndilo la mwenye akaunti, na mara nyingi ni la duka lililouza, au la shemeji aliyeituma kutoka Uarabuni. Simu inafanya kazi miaka miwili bila mtu kuulizwa chochote. Siku beta itakapokushinda na ukalazimika kuifuta ili urudi nyuma, itaomba barua pepe na nywila ya jina lile. Kama huna, simu imefungwa, na hakuna fundi mwaminifu atakayekufungulia. Kwa hiyo kabla ya yote zima Find My, huduma ya kutafuta simu iliyopotea, kisha iwashe tena. Kuzima kunadai nywila. Ikikubali ile unayoijua, akaunti ni yako. Ikikataa, usiguse beta, katafute kwanza aliyekuuzia.

Bakapu ya kabla

Bakapu, yaani nakala ya akiba ya vilivyomo ndani ya simu, iliyochukuliwa simu ikiwa kwenye iOS 26 haikubali kurudishwa kwenye simu ya iOS 18. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko yote yaliyosalia katika andiko hili. Mtu anaweka beta, anakaa nayo siku kumi, inamchosha, anachukua bakapu kwa uangalifu mkubwa, anaifuta simu, anarudi iOS 18, kisha anaambiwa bakapu yake ni ya toleo jipya mno. Picha za arusi zimo humo ndani na hazitoki.

Fanya hivi ukiwa bado kwenye toleo la zamani. Chomeka simu kwenye kompyuta, ifungue kwa iTunes ukiwa na Windows au kwa Finder ukiwa na Mac. Chagua bakapu ikae kwenye kompyuta, na uweke alama ya kuifunga kwa nywila. Bila alama hiyo, nywila ulizohifadhi na kumbukumbu za afya hazichukuliwi. Nywila yenyewe iandike kwenye daftari, maana ukiisahau bakapu ni mzigo tu. Ikiisha, ihamishe. Kwenye Mac ipo amri ya Archive inayoifanya isiguswe tena. Kwenye Windows fungua folda ya MobileSync, ndani yake kuna Backup, nakili kabrasha lote kwenye diski ya nje.

Kwa nini kuihamisha? Kwa sababu iTunes huandika bakapu mpya juu ya ileile ya zamani. Hapo tulikosea vibaya. Bakapu ilikuwa nzuri, ya jioni ile ile kabla ya beta, lakini iliachwa mahali pake. Simu ikachomekwa tena wiki iliyofuata ili kutoa video, bakapu ikajiendesha yenyewe, na ya iOS 18 ikapotea chini ya ya iOS 26. Hakuna aliyegundua mpaka siku ya kuihitaji.

Bakapu ya iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, ina mpaka uleule wa toleo, na nafasi ya bure ni GB 5 tu, haitoshi hata picha za Idi moja. Ila vitu vinavyolandanishwa na akaunti, yaani majina ya simu, kalenda, na picha ikiwa umewasha iCloud Photos, hivyo havimo katika kifungo hiki. Ukirudi nyuma vinashuka vyenyewe. WhatsApp ina bakapu yake ndani ya programu, kwenye Chats, kisha Chat Backup. Iendeshe kwa mkono asubuhi ya siku ile ile.

Sasa bando. Beta ya kwanza ya toleo kubwa kwa simu za karibuni hupita GB 5, na faili kamili la kurudia nyuma huwa kati ya GB 7 na 10. Piga hesabu ya muda kabla hujaanza: GB 8 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni saa tatu na nusu hivi, kwa megabiti 20 ni dakika 53. Kila baada ya wiki mbili hivi hushuka beta nyingine, ndogo kuliko ya kwanza lakini si bure. Asiye na waifai ya kudumu na asiweke beta. Acha GB 15 hadi 20 tupu ndani ya simu, chaji isiwe chini ya nusu, na kama umeme wa mtaa wenu haueleweki, fanya kazi hiyo kwa laptopu yenye betri inayoshika.

Kuiweka kwenyewe ni hatua ndogo: Settings, General, Software Update, halafu Beta Updates, unachagua toleo, unarudi nyuma ukurasa mmoja na kusubiri lijitokeze. Zamani ilibidi kutafuta faili la ruhusa. Tangu iOS 16.4 ya mwaka 2023 halihitajiki tena, basi usishushe faili la ruhusa kutoka kwa mtu yeyote.

Siku mbili za kwanza

Usihukumu betri kabla ya saa 48 kupita. Baada ya toleo kubwa simu hupanga upya picha, hutafuta nyuso, hujenga faharasa ya utafutaji, hushusha programu zilizobadilika. Yote hayo yanaenda chinichini na yanakula chaji na kutoa joto hata ukiwa umeiweka mezani. Iache kwenye chaja na waifai usiku mbili mfululizo. Ikiwa siku ya tano bado inachemka ukiwa huifanyii kitu, fungua Battery ndani ya Settings, soma programu inayokula zaidi, na hapo una jambo la kuripoti. Lalamiko la betri la siku ya kwanza halimsaidii mtu, nasi tulituma mengi ya namna hiyo.

Programu za benki na za pesa ndizo za kwanza kugoma kwenye beta, kwa sababu hukagua toleo la mfumo na watengenezaji wake hawajalipima. Ikigoma usianze kuifuta na kuiweka tena, maana unaweza kukwama kwenye uthibitisho wa namba. Rudi kwenye menyu ya zamani: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Hizo zinapita kwenye mtandao wa simu wenyewe, hazitegemei programu. Zipige siku ya kwanza uhakikishe, ukiwa bado na shida ya kujaribu tu.

Jua la saa saba, Deep Sea

Hapa ndipo penye moyo wa jambo. Sura ya kioo ilibuniwa California na kuonyeshwa kwenye simu za bei ya juu. Huku inasomewa juani, kwa mkono wenye jasho, kwenye iPhone 11 iliyobadilishwa kioo. Tofauti hiyo ina namba. Kioo cha iPhone 11, yaani skrini yake, kinatoa mwangaza wa niti 625 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini) kikiwa kipya na halisi. Cha iPhone 15 kinafika niti 2000 kikiwa juani. Tena cha iPhone 11 ni LCD, kinachomulikwa kwa nyuma, kwa hiyo weusi wake hauwi mweusi kamili. Na simu za OLED, ambazo kila nukta ya skrini hujimulika yenyewe, zilizopasuka mara nyingi hapa hutiwa LCD ya kuiga kwa ajili ya bei. Ukiweka maandishi meupe juu ya kioo angavu, juu ya picha, juu ya skrini ya namna hiyo, herufi zinayeyuka. Kabla hujailaumu sura mpya, ujue kwanza skrini uliyoshika ni ya namna gani.

Kipimo tulichokuja kukiamini ni hiki. Simu moja, arifa moja, mahali patatu: ndani ya kibanda chini ya taa, kivulini, na juani wakati wa saa saba mchana pale soko la samaki la Deep Sea. Mwangaza juu kabisa. Picha za nyuma nne: mtu aliyevaa kanzu nyeupe, leso yenye maua na maandishi, tanga la jahazi na anga, na nyeusi tupu. Hizo ndizo picha watu wa mji huu wanazoweka kweli, wala si zile za rangi laini zinazokuja na simu. Kanzu ndiyo iliyoumbua zaidi. Arifa ya kioo juu ya kanzu ni weupe juu ya weupe, na leso inaongeza vita kwa sababu maandishi ya leso yanapenya chini ya maandishi ya arifa. Kwenye picha nyeusi hakuna tatizo lolote, na anayejaribu kwa picha nyeusi peke yake atakuambia kwa moyo safi kwamba watu wanalalamika bure.

Kuna mtego hapo juani. iPhone ikipata joto hupunguza mwangaza yenyewe ili kujilinda. Ukikaa nayo juani muda, skrini inafifia, na utaandika kwamba sura mpya haisomeki, kumbe ni joto. Jaribio la juani lifanywe haraka, simu ikitoka kivulini ikiwa ya baridi, kisha irudi kivulini kabla ya picha ya nyuma inayofuata. Vipimo vyetu vyote vya wiki ya kwanza ya juani tulivitupa kwa ajili hiyo.

Kingine ni msomaji. Fundi anajua arifa imeandikwa nini kabla hajaisoma, macho yake yanajaza yaliyofutika. Mpe mtu mzima asiyejua unapima kitu. “Shikamoo mzee, naomba unisomee hapa, pesa hii imetoka kwa nani na ni kiasi gani?” Nyamaza, usimsaidie. Akisogeza simu mbali, akiikinga kwa kiganja, akisoma 50,000 kuwa 30,000, andika hivyo hivyo. Tarakimu iliyosomwa vibaya ni ushahidi mzito kuliko maneno mia ya kusema sura ni mbaya, maana kwa wakala wa pesa tarakimu ndiyo kazi yenyewe.

Kuhama kwa vitufe ni jambo la jamii nyingine kabisa. Sanduku la kutafuta limeshuka chini katika programu nyingi. Kamera inaonyesha picha na video tu, hali nyingine hujitokeza ukiburuta. Programu ya kupigia imeunganisha simu za karibuni na majina unayoyapenda katika ukurasa mmoja, ingawa imeachwa njia ya kurudisha mpangilio wa awali. Haya huudhi sana wiki ya kwanza kwa sababu kidole kina kumbukumbu yake. Weka daftari. Siku ya 1, ya 7 na ya 14, hesabu mara ngapi kidole kimekwenda mahali pa zamani kwa nusu saa ya matumizi ya kawaida. Ikishuka mpaka karibu na sifuri, ilikuwa mazoea, usiitume. Ikibaki palepale siku ya 14, kitufe kimewekwa vibaya. Jicho halizoei hivyo: herufi isiyosomeka juani siku ya kwanza haisomeki siku ya arobaini.

Wakati ukiendelea kujaribu, zipo njia za kujikinga, na zilikuwamo tangu beta ya kwanza. Settings, Accessibility, Display & Text Size: washa Reduce Transparency, kioo kinakuwa kizito; Increase Contrast huongeza mipaka ya vitufe; Bold Text hunenepesha herufi. Kwa wanaopata kizunguzungu na mijongeo, Reduce Motion iko ndani ya Accessibility, kwenye Motion. Ila unapopima kwa ajili ya kuripoti, zizime zote, halafu uandike pia hali ilivyo zikiwa zimewashwa.

Malalamiko yaliyosikika

Wapo wanaoamini kwamba kulalamika kutoka Tanga ni kupiga kelele baharini. Rekodi inasema vingine. Juni 2013, iOS 7 ilipoondoa vivuli na ngozi za kuiga, ilikuja na herufi nyembamba sana. Beta ya tatu, tarehe 8 Julai, ikazinenepesha. Mijongeo yake iliwatia baadhi ya watu kichefuchefu, na toleo la 7.0.3 la Oktoba likatoa njia ya kuizima ile ya kuvuta na kusukuma skrini. Mwaka 2021 iOS 15 iliushusha mstari wa anwani wa Safari, kivinjari cha iPhone, chini ya skrini na kuficha vitufe. Beta baada ya beta ikarekebishwa, mpaka ya sita mwezi Agosti ikampa mtumiaji uhuru wa kuurudisha juu. Mwaka 2024 programu ya picha ya iOS 18 iliwachanganya wengi, na beta ya tano ikaondoa sehemu moja nzima.

iOS 26 yenyewe ni somo. Katika beta ya kwanza Control Center, paneli ya vitufe vya haraka, ilikuwa angavu kiasi kwamba aikoni za nyuma zilichanganyika na vitufe vya mbele. Beta ya pili, tarehe 23 Juni, ikaitia giza. Ya tatu, tarehe 7 Julai, ikatia ukungu kwenye mistari ya menyu, na papo hapo kundi jingine likalalamika kwamba kioo kimeondolewa uhai. Ya nne, tarehe 22 Julai, ikarudisha sehemu ya uangavu. Walioandika “mmeharibu” na walioandika “mmeharibu tena” walikuwa wakivuta kamba moja pande mbili, na mbunifu hakuwa na namna ya kujua ni wapi hasa, kwenye skrini gani, mbele ya picha gani. Katika kelele ya namna hiyo anayesikika ni yule aliyesema wapi.

Angalia pia tarehe. Mabadiliko makubwa ya sura yalitokea Juni na Julai. Kuanzia katikati ya Agosti kinachorekebishwa ni hitilafu. Ukiona tatizo la usomekaji, usilikalie.

Ripoti hupelekwa kwa programu ya Feedback Assistant, inayojitokeza yenyewe ukiweka beta. Jambo moja kwa ripoti moja. Ukituma saba kwa mpigo hazigawanyiki vizuri kwa wahusika. Andika kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi, hata kikiwa cha kuungaunga, kwa kuwa hatua zenye namba zinaeleweka. Taja mfano wa simu, kama skrini ni halisi au imebadilishwa, na namba kamili ya toleo, inayopatikana General, About, ukigusa mstari wa iOS Version. Kisha: ulifanya nini, ulitarajia nini, kilitokea nini.

Picha ndiyo inayobeba ripoti, na hapo palikuwa na kosa letu kubwa la pili. Tulituma skrinishoti za juani. Skrinishoti inachukua kile programu ilichokichora, haichukui jua. Kule walikofungua, herufi zilisomeka vizuri kabisa. Kwa tatizo la mwanga piga picha kwa simu nyingine, gusa na ushikilie skrini ya simu hiyo ili mwanga wake ujifunge, na upige mbili: kivulini na juani, umbali uleule. Ambatisha skrinishoti kama nyongeza, pamoja na picha ya nyuma yenyewe, ile ya kanzu.

Mfano wa ripoti iliyonyooka, kwa Kiswahili chetu: “iPhone 11, skrini halisi. Reduce Transparency imezimwa. Picha ya nyuma ni nguo nyeupe, imeambatishwa. Juani, mwangaza juu kabisa, simu ikiwa ya baridi. Arifa ya ujumbe kwenye skrini ya kufungia: kiasi cha pesa hakisomeki kwa umbali wa sentimita 40. Wasomaji wawili wenye zaidi ya miaka 50 walikosea tarakimu ya kwanza. Picha nyeusi ikiwekwa, kinasomeka.” Hapo hakuna neno la hasira, na hasira ilikuwapo.

Kwa hitilafu za kuganda au kujizima, bana vitufe vyote viwili vya sauti pamoja na cha pembeni kwa muda wa sekunde moja hadi moja na nusu, kisha uachie. Simu hutengeneza faili la uchunguzi kwa dakika kadhaa, nalo hukaa Privacy & Security, Analytics & Improvements, Analytics Data. Faili hilo lina habari nyingi za mwenye simu. La simu ya mteja lisitumwe bila yeye kuambiwa na kukubali, na muamala wa mtu halisi usipigwe picha. Tuma ujumbe wa kujaribia wenye jina na kiasi cha kubuni.

Kurudi nyuma

Atakayeshindwa arudi mapema, kwa sababu Apple huacha kuyaidhinisha matoleo ya zamani na mlango ukifungwa umefungwa. Kwa iPhone 8 na zinazofuata: chomeka kwenye kompyuta, bonyeza na uachie kitufe cha kuongeza sauti, bonyeza na uachie cha kupunguza, kisha shikilia cha pembeni bila kuachia, upite alama ya tufaha, mpaka itokee picha ya waya na kompyuta. Wengi huachia wakiona tufaha.

Ukibonyeza Restore wakati huo kompyuta inaanza kushusha faili, na simu hutoka yenyewe kwenye hali hiyo ikiwa kazi imezidi dakika 15. Kwa kasi ya intaneti zetu itazidi. Kwa hiyo shusha faili la IPSW, yaani lile faili kamili la kurudia nyuma, la mfano wako siku moja kabla, ndipo ushikilie Shift kwenye Windows, au Option kwenye Mac, ukibonyeza Restore, na ulichague kutoka kwenye diski. Kila kitu kitafutika. Itaomba ile nywila ya akaunti. Itapokea ile bakapu ya kabla.

Wenye Android mambo yao yanafanana kwa mengi. Beta ya One UI 7, sura ya Android ya Samsung, ilifunguliwa Desemba 2024 katika nchi chache kama Ujerumani, India, Korea Kusini, Poland, Uingereza na Marekani, Tanzania haikuwamo. Walioiweka huku walitumia mafaili ya kuokoteza, na ukiingia kwa mlango huo huna pa kuripoti na kurudi ni kuflashi upya, yaani kuuweka mfumo mzima kwa kompyuta. Lalamiko kuu la sura hiyo lilikuwa la kidole: ukiburuta kutoka juu kushoto unapata arifa, kutoka kulia unapata vitufe vya haraka, wakati zamani vilikaa pamoja. Dawa ilikuwamo ndani ya mipangilio ya paneli hiyo, ya kuviunganisha tena, na wengi hawakuitafuta. Kwa simu za Pixel za Google, kutoka kwenye beta katikati ya safari hufuta simu yote. Dirisha la kutoka bila kufutiwa hufunguka toleo la mwisho likishatoka na kabla hujaweka beta nyingine.

Toleo kamili la iOS 26 lilitoka tarehe 15 Septemba 2025. Aliyevumilia mpaka hapo hakuhitaji kufuta chochote: unaingia Beta Updates, unaweka Off, unaweka toleo la umma, basi. Waliosahau kuweka Off walijikuta ndani ya beta ya 26.1, wakidhani wameshamaliza, na programu za pesa zikaanza kugoma upya. Toleo hilo la 26.1, lilipokuja kwa wote tarehe 3 Novemba, ndilo lililoleta chaguo ndani ya Display & Brightness, kwenye Liquid Glass: Clear kwa kioo angavu, Tinted kwa kioo kilichotiwa uzito. Kwenye iPhone 11 ya mtu anayefanya kazi juani tunaweka Tinted na Bold Text, na picha ya kanzu tunaiacha mahali pake.